Jina la Tatu Chini ya Picha

"Siti ni nani?"

"Siti gani tena?"

"Nurdin, usinijibu swali kwa swali. Siti Swalehe. Jina la tatu chini ya picha."

Upande wa pili wa simu nikasikia mashine yake ya kuchapa ikikwaruza. Nurdin ana kibanda cha picha za pasipoti pale Masasi, na mimi nilikuwa mchumba wake, fundi cherehani wa Kitangari. Posa ilikwishapokelewa. Ndoa ilikuwa ifungwe korosho zikishauzwa, na mama yangu, Bi Zabibu, alishawatangazia hata wasiouliza.

"Aah, huyo," akasema. "Kanisaidia rangi kidogo. Si unajua utaratibu wetu, aliyetia mkono lazima atajwe."

Nilijua. Tena utaratibu huohuo ndio ulionifanya nimpende.

Kuna mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, unaitwa Yuropa, wote umefunikwa na barafu yenye nyufa kila upande. Chombo cha angani kiliupiga picha miaka ya tisini, na picha zile zimehifadhiwa mtandaoni, mtu yeyote anazichukua bure. Zimekaa vipandevipande, nyeusi na nyeupe, kila kimoja kimepigwa kupitia kioo cha rangi yake. Nurdin na wenzake wa kundi la mtandaoni huviunganisha na kuvitia rangi, kwa mapenzi tu, hakuna anayewalipa.

Siku moja alinitumia vipande viwili wasap, akalalamika kwamba ufa mkubwa haukutani. Sasa mimi kukutanisha maua ya kitenge kwenye mshono ndiyo kazi yangu. Nikamjibu, "Cha kulia kishushe, halafu kizungushe kidogo." Ufa ukakutana. Alipoiposti ile picha, chini akaandika: *Imechakatwa na Nurdin Bwanali na Shamila Abdulatifu.* Wanaume wangapi wangelitaja jina langu? Niliringa, sikufichi.

Nilipomwonyesha mama, ndiyo kwanza alikuwa anatua ndoo kichwani.

"Huko kuna maji?" akauliza.

"Wanasema chini ya barafu kuna bahari nzima."

"Basi mwambie mwenzio atuletee japo dumu moja."

Tulicheka sana siku ile. Baada ya hapo kila picha ilitoka na majina mawili, la kwake na la kwangu, mpaka hii yenye Siti.

"Kakusaidia akiwa wapi?" nikamuuliza.

"Hapahapa kibandani."

"Kompyuta ya picha za mwezi ni ile iliyokufa betri. Haiwaki mpaka uichomeke ukutani, na haijawahi kutoka chumbani kwako. Umeniambia mwenyewe."

"Shamila, nina mteja. Nitakupigia."

Hakupiga. Jioni ikaingia meseji: *Usiwaze vibaya mpenzi. Unajua nakupenda.* Sikuijibu. Kesho yake asubuhi nikashuka Masasi, na kibandani sikugusa. Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwake.

Alinifungulia msichana mwenye kanga kifuani na unga wa muhogo mikononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nurdin yupo?"

"Ametoka, yuko kazini. Nimwambie nani?"

"Shamila."

Uso ukamchangamka, na hapo ndipo nilipoanza kuumia.

"Shamila wa picha? Karibu ndani, dada. Mume wangu anakusifu kila siku, anasema hajapata mwenzake wa kazi kama wewe."

"Mume wako."

"Tumeoana kabla ya Ramadhani, kwa baba yangu. Hakukwambia?"

"Hakuniambia. Na wewe amekwambia mimi ni nani kwake?"

"Si mwenzake wa kundi?"

"Mimi ni mchumba wake, Siti. Posa yake iko kwetu Kitangari."

Akakaa palepale kizingitini na unga wake. Njia nzima nilikuwa nimepanga matusi ya kumtukana, lakini nilipomtazama, hata moja halikumfaa.

"Aliniambia nisiwe na wivu," akasema polepole. "Alisema ni kazi tu. Hata ile picha, nilikaa pembeni yake, nikamwambia wekundu umezidi, akaupunguza. Akaniandika jina. Nikaona kweli huyu ananipenda."

Ningemwambia nini? Na mimi niliona vivyo hivyo.

Akampigia simu mumewe. Nurdin akaja anahema, akatukuta tumekaa wote wawili, akasimama mlangoni kwake kama mgeni.

"Shamila, nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri. Dini yenyewe inaruhusu, usinifanye kama nimeiba."

"Dini imekuruhusu kuoa. Kunificha nani kakuruhusu? Na huyu je, kumdanganya kwamba mimi ni mwenzako wa kazi?"

Akavua viatu kama anayetaka kuingia.

"Nijibu kitu kimoja tu," nikasema. "Sisi wote umetudanganya. Jina lake ukaliandika pale kila mtu asome. Kwa nini?"

"Picha ni kitu kingine," akasema, na wallahi alikuwa anamaanisha. "Watu wa kundi wananiamini. Siwezi kuandika uongo chini ya picha."

"Basi futa jina langu. Lifute sasa hivi, nikiona."

"Siwezi, Shamila. Ule ufa wa katikati umeuunganisha wewe. Nikilifuta nitakuwa nimedanganya."

Nikacheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kibaya, mpaka Siti akageuka kunitazama. Mwanaume anauogopa mwezi wa barafu ambao hataufikia maisha yake yote, kutuogopa sisi tunaokula naye hawezi.

"Umeuonea haya mwezi, Nurdin," nikamwambia. "Mimi hukunionea."

Nikatoka. Alinifuata mpaka barabarani akiniita mpenzi, mpenzi, na sikugeuka, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Mama hakunilaumu. Alimwita mshenga, akairudisha posa, akarudi jikoni. Korosho zikauzwa, wenzangu wakaolewa, nguo zao nyingi nikazishona mimi. Niliumia, tena bado naumia, sina namna ya kulipamba hilo.

Halafu juzi ikaingia meseji kwa namba nisiyoijua.

*Shikamoo dada Shamila. Ni mimi Siti. Nurdin ameichapa ile picha kubwa, ameitundika sebuleni. Kila mgeni anasoma majina, ananiuliza Shamila ni nani. Nimemwomba akate pale chini, amekataa. Mwambie wewe basi, labda atakusikia.*

Nilikuwa na kitenge cha mtu kwenye mashine, maua yamekaribia kukutana. Nikaumaliza mshono kwanza, nikafuta mikono, nikaandika:

*Marahaba mdogo wangu. Usimwambie akate. Hapo chini ndipo mahali pekee mumeo anaposema kweli, pasome kila akitoa picha mpya. Siku ukiona jina la nne, nipigie.*