Simu ya Yasinta na Maji ya Chilonje

Hapa Msangabale tuna mto usio na maji. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Tunauita korongo. Mbuzi wanalala humo, watoto wanacheza mpira humo, na sisi wanawake tunachimba visima humo. Ukichimba kidogo tu, maji yanatoka, matamu kuliko ya bomba. Sijasema bomba letu linatoa maji. Nimesema tu ni matamu kuliko ya bomba.

Ukingoni kabisa mwa korongo kulikuwa na nyumba ya jirani yangu, Yasinta. Mumewe, Castory, aliijenga kwa mikono yake. Kisha akaenda bwawa la Mtera kuvua samaki. Aliaga kwa miezi mitatu. Sasa ni miaka sita.

Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Halafu simu zikakoma. Waliotoka huko, mmoja alisema amemwona, mwingine hajamwona, na wa tatu alisema amemwona na amenenepa. Huyo wa tatu nilimfukuza mimi mwenyewe.

Yasinta hakuhama. Kila asubuhi alipeleka simu yake ndogo dukani kwa Bushiri kuichaji, akakaa pale pale mpaka ijae. Akirudi, anaitia kifuani. Anapepeta uwele nayo. Anaoga nayo karibu.

Nikamwambia, "We Yasinta, hiyo simu ingekuwa mwanaume, ningesema mmeoana."

"Ikilia nitakuita, bibi Munira," akanijibu. Akacheka. Lakini macho yake hayakucheka.

Basi tukaletewa mtendaji mpya wa kijiji, binti mmoja anaitwa Aneth. Juma la kwanza alifagia ofisi, akafungua kabati. Humo alikuta buibui, jembe lisilo na mpini, na makaratasi yameandikwa "Mpango wa Maafa".

Akaitisha mkutano. Akasimama na yale makaratasi.

"Wazee wangu, shikamooni. Huu ni mpango wa kijiji chetu wa kujikinga na maafa. Nani anaujua?"

Tukamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti, unaujua?"

Mwenyekiti wetu ni mzee Batholomeo. Akakohoa. "Naujua sana. Niliufungia kabatini usiharibike."

"Na mafuriko yakija?"

"Tutafungua kabati."

Watu wakacheka, na Aneth naye akacheka. Nikampenda kuanzia hapo.

Akatueleza kwa lugha yetu ya kawaida. Alisema serikali inapanga kuanzia juu, kule Mtumba kwenye ofisi kubwa za wizara. Mpango unashuka mkoani, wilayani, katani, mpaka kijijini. "Lakini gari la wilaya linaweza kuchukua nusu siku kufika hapa," akasema. "Maji hayatalisubiri. Kwa hiyo saa za kwanza ni zetu wenyewe. Ndiyo maana kila kijiji kinatakiwa kuwa na kamati yake ya maafa."

"Inafanya nini hiyo kamati?" nikauliza.

"Kabla ya maafa, inajua nani anakaa mahali pa hatari, nani mgonjwa, nani hawezi kukimbia. Inachagua mahali pa kukimbilia. Maafa yakija, inatoa tahadhari na kuhesabu watu. Yakipita, inaandika hasara na kuipeleka wilayani, ili waliopoteza wasaidiwe kuanza tena."

Batholomeo akatazama juu. Mbingu nyeupe, jua kali. "Mwanangu, mimi nimezaliwa hapa. Mvua nikiiona inakuja, nitawaambia wahame. Wingu nalijua."

"Wingu la wapi, mzee?"

"La hapa, la wapi tena?"

"Korongo letu linatoka wapi?"

"Linatoka milima ya Chilonje."

"Basi mvua ikinyesha Chilonje, na hapa jua linawaka, wingu lako litakuambia nini?"

Mzee akaacha kutazama juu. Kwa kweli hilo ndilo kosa letu la miaka yote. Tunatazama juu ya vichwa vyetu, na maji yetu yananyesha kwa watu wengine.

Siku ile ile tukachagua kamati. Tukakubaliana kukimbilia shuleni, maana iko juu kilimani. Kila nyumba yenye mgonjwa au mzee asiyeweza kukimbia ikapewa watu wawili wa kumbeba. Mimi, kwa magoti yangu haya, nikapewa vijana wawili. Nikawaambia wafanye mazoezi mapema, mimi ni mzito.

Ikabaki nyumba ya Yasinta. Aneth akaenda kumwona, nami nikafuata. Jambo la jirani lazima nilisikie mwenyewe.

"Dada, mvua zinakaribia. Hapa ukingoni si salama. Hamia juu."

"Siwezi."

"Sheria inasema..."

"Sheria inamjua Castory?" Yasinta akamkata. "Akirudi, miguu yake itamleta hapa. Akikuta ukingo mtupu atafikiri nini? Atafikiri nimekufa, au nimeolewa. Atarudi alikotoka."

Aneth akainuka. Akaaga. Njiani akaniambia, "Bibi, nimekosea. Nimemletea sheria, na yeye ana mtu."

Siku ya tatu akarudi. Safari hii hakutaja kuhama. Akauliza habari za simu.

"Ina chaji siku zote?"

"Siku zote."

"Ikilia unapokea?"

"Hata nikiwa na sabuni usoni."

"Hapa kijijini, simu nyingi unapiga hazipatikani," Aneth akasema. "Nyingine hazina chaji, nyingine kazichezea mtoto. Nimezungumza na Henry, yuko kwenye kamati ya Chilonje. Maji yakijaa kwao, anataka ampigie mtu mmoja hapa ambaye lazima atapokea. Nimefikiri sana, nimeona ni wewe tu."

Yasinta akaishika ile simu kifuani. "Na Castory akipiga wakati Henry anazungumza?"

"Henry atasema maneno machache na kukata. Nimeshamwambia."

Yasinta akaitazama simu. Mimi nikajifunga kanga upya.

"Utapewa filimbi," Aneth akaendelea. "Mipulizo mirefu mitatu, kijiji kizima kinapanda shuleni. Lakini dada, mpiga filimbi akichukuliwa na maji, nani atatupigia?"

Yasinta akatazama kuta za nyumba yake. Akapapasa udongo pale mlangoni.

"Masika tu," akasema mwisho. "Nitalala kwa bibi Munira wakati wa masika tu."

"Nakoroma," nikamwonya.

"Najua. Nakusikia mpaka huku."

Akahamia kwangu na godoro, sufuria mbili na shati la Castory. Kwenye mlango wa nyumba ile akaandika kwa mkaa: NIPO KWA BIBI MUNIRA.

Mwezi wa pili tangu ahamie kwangu, siku moja mchana, jua lilikuwa kali kabisa. Wanawake kumi na zaidi walikuwa korongoni wanachota maji. Sisi wawili tulikuwa uani tunachambua karanga.

Simu ikalia.

Sijapata kuona mtu akisimama vile. Karanga zilimwagika zote. Uso wake ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na minane. "Haloo? Haloo?"

Nikasikia sauti ya mwanaume, lakini haikuwa ile. Uso ukashuka polepole. Akasikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, Henry. Asante." Akakata.

Akasimama kidogo tu, ameshika simu kwa mikono miwili. Kisha akachukua filimbi.

Mara tatu, mirefu.

Wanawake wakatoka korongoni mbio. Wengine waliacha ndoo. Mmoja alitaka kurudia ndoo yake mpya, Aneth, aliyekuja mbio kutoka ofisini, akamshika kanga: "Ndoo tutaiandika kwenye hasara, wewe siwezi kukuandika!" Vijana wangu wawili wakanibeba wakihema kama punda.

Batholomeo alikuwa uwanjani kwake, anatazama juu. "Wingu liko wapi?"

"Liko Chilonje!" Yasinta akampigia kelele. "Panda!"

Akapanda, akiswaga mbuzi wake.

Tulikaa shuleni kama saa moja. Wengine walianza kunung'unika. Halafu tukasikia mlio kama lori kubwa. Maji yakaja mekundu, yamebeba miti mizima. Visima vikafunikwa. Ukingo ukamegeka. Nyumba ya Yasinta ikainama upande, ikakaa hivyo kidogo, ikaenda.

Hakulia. Alifuata kwa macho ule mlango wenye maandishi ya mkaa mpaka ulipopotea.

Aneth akaanza kuhesabu, nyumba kwa nyumba, kama mpango ulivyosema. Akafika kwetu.

"Dada Yasinta, nyumba yako watu wangapi?"

"Wawili," akasema. "Mmoja yuko hapa."

Aneth akaandika wawili.

Siku ile hakufa mtu Msangabale. Hata mbuzi hakufa. Mafuriko ya zamani, enzi za ujana wangu, yalichukua watu saba kwenye visima vile vile, na jua lilikuwa linawaka vile vile.

Kamati iliandika hasara jioni hiyo hiyo: nyumba moja, mashamba manne, ndoo tisa. Kesho yake karatasi zilikuwa wilayani. Watu wa tathmini wakaja, wakakuta kila kitu kimeandikwa. Baada ya wiki kadhaa bati na saruji zikafika. Aneth aliandika barua nyingine pia, akaituma kwa uongozi wa wavuvi wa Mtera, ikieleza Yasinta anaishi wapi sasa. Jibu bado.

Simu za Chilonje zikaendelea kuja, na kila simu ikilia Yasinta anasimama vile vile.

Wiki iliyopita tulianza kumjengea kwenye kiwanja cha juu, karibu na shule. Kijiji kizima kilikuja na majembe. Batholomeo ndiye aliyeshika kamba ya kupima msingi.

"Mlango tunaweka magharibi," akasema. "Upepo wa huku unatoka mashariki."

"Weka kusini," Yasinta akasema.

"Kusini? Vumbi la barabara lote litaingia ndani, mama! Kusini kuna nini?"

Nikamfinya mzee mkono, kwa nguvu. Mzee akageuka, akaitazama barabara ya Mtera inavyokuja mpaka chini ya kilima.

Akaivuta kamba, akapima mlango kusini.