Chiriku na Betri ya Mama

“Kompyuta niliyokuletea ilikuwa na betri nzima. Hii umeibadilisha,” Mama alisema, mkono kiunoni.

Fundi wa kompyuta aliweka bisibisi mezani. “Mama, nilisafisha feni tu. Betri sikuigusa.”

“Zamani ilikaa na chaji saa tano. Tangu itoke kwako, saa mbili, kwisha. Nani anaila, panya?”

Wateja wawili walikuwa kwenye benchi. Mmoja alichukua simu yake aliyokwisha kuiacha mezani, akairudisha mfukoni, akatoka.

Binti yake Mama, wa miaka kumi na miwili, alisimama nyuma. Nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Leo ulikuwa umefungwa. Siku ile kompyuta iliporudi, alifungua mipangilio aliyokatazwa kuigusa, akachagua “nguvu zote” ili mchezo wake wa magari usikwamekwame.

Fundi aligeuza kioo. “Tazama. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, imewekwa kwenye kasi ya juu kabisa. Hata ukiandika barua, inakimbia. Betri itadumu vipi?”

“Basi umeiweka wewe, upate kuniuzia betri mpya.”

Mteja wa pili naye akainuka bila kuaga.

Chiriku alimwona fundi akitazama benchi tupu. Akasogea mezani.

“Mama, ni mimi.”

Mama aligeuka polepole. “Rudia.”

“Nilitaka mchezo uende haraka. Halafu nikaogopa kusema.”

Mama, aliyekuwa mshonaji, alivuta pumzi. “Cherehani yangu ya umeme ina kanyagio. Nikishona turubai, nalikanyaga mpaka chini. Nikipinda leso, naligusa tu. Wewe umelikanyaga wiki nzima, leso na turubai sawasawa.”

“Mama, njoo tufanye kazi pamoja,” fundi alisema.

“Usinichekeshe. Mdomo wangu umetangulia akili. Unisamehe, fundi.” Akamgeukia bintiye. “Nguvu nyingi zina wakati wake. Ukweli hauna wakati wa kungojea. Kimya chako kimekaribia kumwaga unga wa mwenzio. Rekebisha.”

Chiriku alichagua “okoa chaji”. Feni ikatulia.

“Bado wale wawili,” Mama alisema.

Chiriku alitoka mbio. Alimkuta mwenye simu kwenye kona.

“Samahani, mjomba,” alisema akihema. “Rudisha simu yako kwa fundi. Hakuiba betri. Niliyeharibu ni mimi.”

Kisha akamkimbilia wa pili.