Manowari Iliyochorwa Sakafuni

"Yumo ndani," ilisema sauti kwenye simu. "Mfupi. Ana kamera ndogo ya Kodak. Asitoke na filamu."

"Amevaaje?"

"Kama fundi. Kama wote."

Simu ikakatika.

Elspeth Gilfillan aliipapasa bastola yake ya Webley chini ya aproni. Miezi minne, kwa kazi ya siri ya serikali, alikuwa akijifanya mnakili wa michoro kwenye karakana hii ya meli, ukingoni mwa mto Clyde, Uskoti, na hajawahi kumwelekezea mtu bastola.

Akapanda ngazi mbilimbili.

Juu, katika ukumbi mrefu kuliko kanisa, manowari nzima ilikuwa imechorwa sakafuni kwa chaki, ukubwa wake halisi, ili vyuma vyake vikatwe kwa kipimo hicho. Tangu ile ya kwanza yenye mizinga mikubwa pekee ishuke majini miaka mitatu nyuma, manowari za zamani ziligeuka vyuma chakavu, na mataifa yakaanza kukimbizana. Hii ilikuwa mama wa kundi jipya la meli nne. Na mchoro ulionyesha wazi pale deraya, ngao yake ya chuma, inapokomea chini ya maji.

Torpedo moja hapo, na meli inazama.

Ranald, mdogo wake Elspeth, alishaandikishwa kuchochea moto kwenye meli hii hii.

Alivua viatu mlangoni. Hapa hakuna anayekanyaga mchoro kwa buti, hata tajiri mwenyewe.

Mafundi ishirini walikuwa wamepiga magoti, kofia zilezile, vumbi lilelile.

"We binti, umepotea?" alifoka Mzee Wattie, msimamizi. "Au umekuja kutafuta mume?"

"Kwa hawa? Bora nizeeke kwetu."

Wakaangua kicheko. Akacheka nao, macho yakipita kwenye miguu yao. Soksi za sufu. Sufu. Sufu yenye viraka vitatu, kazi ya mke wa mtu.

Hariri nyeusi.

Fundi gani wa Clyde ana soksi za hariri?

Mtu yule aliinua uso. Wakatazamana. Akajua amegunduliwa.

Alikurupuka, kisu mkononi. Elspeth akachomoa Webley, lakini Mzee Wattie alikuwa kati yao, akahofia kumuua.

"Simama!"

Hakusimama. Alikata kona kuukimbilia mlango wa nyuma. Sakafu ile ilikuwa imepigwa msasa hadi ikawa laini kama sahani, na hariri haishiki. Miguu ikamtoka. Akaanguka chali, kisu kikaruka huko. Mafundi watatu wakamkalia.

Elspeth akaipora Kodak mfukoni mwake, akaifungua dirishani. Filamu yote ikaharibika kwa mwanga wa saa tano asubuhi.

"Mmenifutia ubavu mzima wa meli!" alilia Mzee Wattie. "Siku tatu za kazi, mama!"

"Chora tena, mzee. Bado ni siri yetu."

Akaificha bastola, akavaa viatu, akashuka taratibu, mikono mfukoni.

"Ona maringo hayo!" mtu akapiga mluzi nyuma yake.

Hakugeuka. Angeongeza mwendo hata kidogo, magoti yangemwangusha.