Waya Ulionyamaza

ADHUHURI

Kibwana alichora barabara kwa mkaa, sakafuni, katika chumba cha nyuma cha kilabu cha pombe cha Kristina. Msalaba mmoja: kivuko cha Bigwa. Mwingine: boma la Wajerumani, Morogoro mjini.

"Sanduku linalala Kingolwira," alisema. Aliwahi kuwa askari wa Mjerumani. Bunduki aliyotoroka nayo ilikuwa magotini. "Kesho linavuka mto. Wapagazi wanne, askari mmoja. Mishahara ya watu wa reli. Rupia za fedha, na hizi karatasi mpya za benki."

"Karatasi tutazila?" Mikidadi aliuliza.

"Wahindi wa sokoni wanazipokea. Kinachokataliwa ni shaba za mama yako."

Mama yake Mikidadi, Mwajuma, alifukia pesa za shaba chunguni miaka nenda miaka rudi. Boma likatoa amri: shaba za zamani basi, kodi ya nyumba ni kwa heller na rupia, pesa za Mjerumani. Akiba ya bibi kizee ikawa vyuma vya kuchezea watoto. Sasa alikuwa mateka bomani, akitwanga mahindi ya askari mpaka kodi ilipwe. Ni hilo tu lililomleta Mikidadi chumbani mle.

"Na simu?" Kibwana alimgeukia Alois.

Alois alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Mikidadi. Kwa Waluguru, huyo ni ndugu hasa. Mapadri walimfundisha kusoma, na siku hizi alifagia nyumba ya simu ya waya, penye mashine ya kugonga habari. "Kateni waya mapema," alisema, macho kwenye mkaa. "Jua likichomoza tu. Boma litakuwa kiziwi."

"Mapema yote hiyo ya nini?"

"Kaka Kibwana, mimi na wewe, nani anashinda na ile mashine?"

Kibwana alicheka. Mikidadi hakucheka, ila hakujua kwa nini.

ALFAJIRI

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mtoni. Mikidadi aliparamia nguzo, mundu kiunoni. Akakata. Waya ulivuma mara moja, ukaanguka majanini.

Wakajibanza kichakani. Sanduku halikuonekana.

Kimya kile kilimkera. Kilimkumbusha dungu, kichanja cha shambani, utotoni, mlimani, walipolinda mahindi dhidi ya nguruwe. Kila shamba lilipiga debe. Hakuna aliyesikiliza madebe. Lakini moja likinyamaza tu, majirani wote walikuja na mikuki, maana mlinzi ama amelala ama amekufa. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," mama yake alizoea kusema.

Akamvuta Kibwana mkono.

"Kibwana. Tumejitangaza."

"Nini?"

"Ule waya haukuwa ukinyamaza. Mashine ilikuwa ikigonga siku zote. Sasa imekoma. Wamejua. Na Alois alijua watajua."

"Alois ni ndugu yako, bwana!"

"Ndiyo. Tuondoke."

Kibwana alimtazama kwa jicho baya. "Nenda. Na mama yako nani atamtoa?"

Mlima ulikuwa nyuma yake, na kila njia yake aliijua. Mikidadi alibaki.

JUA LIMEPANDA

Wapagazi walitokea kivukoni. Kibwana alifyatua, askari akaanguka majini, wapagazi wakatupa mzigo na kukimbia. Mikidadi alilikumbatia sanduku. Lilikuwa zito, na kwa pumzi moja hivi alifurahi kweli.

Risasi zikatoka upande wa mjini. Askari wa boma walikuwa wamejipanga kitambo, wamelala kifudifudi kwenye mtama. Kibwana alipiga hatua mbili, akaanguka akiita jina la Mungu ambalo hakulimaliza. Mikidadi alipigwa kitako cha bunduki kichwani, mikono yake ingali juu ya sanduku.

ADHUHURI

Uani mwa boma Mwajuma alikuwa kinuni. Alois alisimama mbele yake amevaa kanzu safi.

"Shikamoo mama. Nimelipa. Uko huru, twende nyumbani."

"Marahaba, baba. Umelipa kwa pesa gani?"

"Kwa karatasi za benki."

"Nani akupe wewe karatasi za benki?"

Alois aliangalia miguu yake. Mnyororo ukalia langoni. Mikidadi aliingizwa, shingo imefungwa, uso umevimba. Nyuma yake walibeba maiti ya Kibwana.

"Mngekufa wote wawili, mama, wewe na Mikidadi, au mmoja angepona," Alois alinong'ona. "Nilikuchagua wewe."

Mwajuma alimtazama mwanawe, akamtazama mtoto wa mdogo wake. Askari alimsukuma begani: toka, bibi, umekombolewa.

Lango lilikuwa wazi. Mwajuma aliokota mchi, akageukia kinu, akaendelea kutwanga.