Mizinga Kumi na Mitatu

"Mizinga ilikuwa mingapi?"

Imakulata aliuliza hivyo mwaka 1996, mbele ya ukoo mzima, siku baba yake mdogo, Enoka, aliporudi peke yake kutoka porini upande wa Mwese. Alikuwa amekwenda na kaka yake Telesphor kurina asali. Alirudi bila kaka, ila maneno alikuwa nayo, tena yamepangwa vizuri: Telesphor kapata mwanamke huko milimani, kasema hataki tena nyumba ya Mpanda, msimtafute. Wazee wakatikisa vichwa. Verdiana, mke wa Telesphor, akabaki kama mtu aliyepigwa kofi. Binti yake wa miaka kumi na tisa ndiye pekee aliyetaka hesabu. Baba alikuwa na mizinga mingapi, nyie mmerina mingapi, na mlipofika wa mwisho alikuwa wapi? Akaambiwa watoto wa kike wa siku hizi wana mdomo.

Hilo halikuwa jibu.

Miaka miwili baadaye mdomo huohuo ulikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam, ukishinda midahalo. Mama yake alikuwa palepale, si mjane, si mke, akifunika sahani moja ya ziada kila jioni. Matanga alikatazwa kuweka, maana eti mtu aliyetoroka haliliwi. Na nyumba, Enoka alisema, ni ya ukoo. Mwanamke aliyeachwa na mumewe anaishi humo kwa hoja gani? Akampa mpaka Krismasi.

Ndiyo maana likizo ya 1998 Ima alishuka treni ya Tabora na kompyuta ndani ya godoro. Si kompyuta nzima. Bodi kubwa, kadi mbili za memori, diski, pawa saplai, kioo kilichokwaruzika. Amevinunua kimoja kimoja mwaka mzima, akila mlo mmoja kwa siku. Mama alikuwa mpiga chapa kabla hajapunguzwa kazini. Akiwa na mashine atachapia parokia na shule, apange chumba chake, asimpigie mtu magoti. Kilichokosekana ni kasha. La bati halikuingia kwenye godoro.

"Kasha si tatizo, dada Ima," alisema Rénovat, fundi redio kutoka Katumba, baba wa watoto watatu, mtu wa kucheka na bisibisi mdomoni. "Tunapiga la mbao. Mbao zikiwa kavu tu."

Enoka alikuwa amepita kukagua nyumba yake ya kesho. Ghafla akawa mkarimu.

"Mimi ninazo za mzinga mmoja wa kaka. Ile mingine niliibomoa nikauza mbao, Magamba na Kasokola. Chukueni."

Mbao zilikuwa nyepesi, zimelainishwa na nta. Kwenye ubao mmoja palikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto: mwezi mchanga na nukta mbili. Kila mrina asali ana alama yake. Hii ilikuwa ya Telesphor. Rénovat aliigeuza ndani ili kasha lipendeze kwa nje.

Siku ya kuwasha waliazima jenereta ndogo, maana mchana mji haukuwa na umeme. Saa tisa alasiri, jua linachoma bati. Ima akabonyeza. Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Halafu mashine ikalia. Pi. Pi. Pi.

"Hiyo ni lugha yake," alisema Ima, kitabu mkononi. "Mlio mmoja, mambo safi. Mitatu, memori. Minane, kadi ya kioo. Hesabu."

Rénovat alihesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. "Kumi na mitatu."

"Umekosea. Kitabu kinaishia kumi na moja."

"Basi hesabu wewe msomi."

Alihesabu. Kumi na mitatu. Kimya kidogo, kama mtu anasubiri. Halafu tena kumi na mitatu.

Walichomoa kadi za memori, wakazisugua meno kwa ufutio wa penseli, wakazirudisha. Kumi na mitatu. Wakaacha kadi moja. Wakatoa diski. Wakabadilisha waya. Kumi na mitatu, na kimya kilekile cha kusubiri.

"Jini la Kariakoo hili," alisema Rénovat. "Limepanda treni bila tiketi."

"Jini ni jina la uvivu wa kutafuta hitilafu. Chomoa spika."

Alichomoa kile kispika kidogo, akakiweka mezani karibu na kikombe cha chai. Wote wawili wakakitazama. Mashine ikalia, lakini sasa haikuwa pi tena. Ilikuwa ko, ko, ko, sauti ya kifundo cha kidole kikigonga ubao kutoka ndani, taratibu, na harufu ya moshi wa majani mabichi, ule wanaowafukizia nyuki, ikaanza kutoka kwenye tundu la disketi.

Rénovat hakucheka. Alitoka nje akazima jenereta.

Feni haikusimama. Ilizidi, ikawa mvumo mzito uliojaza chumba na kutetemesha sahani kabatini, na katikati ya mvumo huo yale mapigo yaliendelea kuhesabika, moja baada ya jingine bila haraka, mpaka Verdiana akaja kutoka jikoni na mikono imejaa unga, akasimama mlangoni, na midomo yake ikaanza kuhesabu pamoja nayo kabla hajajua kwamba anahesabu.

"Nani kawafundisha hiyo?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, ni mashine imeharibika."

"Si mashine. Ndivyo baba yako alivyokuwa anagonga." Alijifuta mikono kwenye kitenge, unga ukabaki palepale. "Mrina asali hapandi bila mtu wa kumshikia kamba chini. Akifika kwenye mzinga anagonga. Wa kwanza mara moja, wa pili mara mbili, ili wa chini ajue wamefika wapi. Wa chini anajibu, nipo. Asipojibu, wa juu hashuki."

"Hashuki mpaka lini?"

"Mpaka ajibiwe, mwanangu."

Verdiana akasogea mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya kasha. "Nipo, baba Ima," alinong'ona. "Nipo hapa."

Mapigo yalinyamaza. Nyuki mmoja akatambaa kutoka kwenye tundu la disketi, akapanda mkononi mwa mama, akazunguka pete yake, hakumuuma. Kisha mapigo yakaanza upya, kumi na mitatu, kwa nguvu zaidi, na Verdiana akarudisha mkono kifuani.

"Haniulizi mimi," alisema.

Ima alimwelewa. Alimtuma Rénovat akamwite Enoka, amwambie mashine imekubali, aje ashuhudie. Ulikuwa uongo, na ulikuwa uongo mdogo kuliko wa Enoka.

Enoka aliingia anacheka. "Haya, shemeji, sasa umekuwa ofisi!" Mguu wake wa pili ulipovuka kizingiti, kila kitu kilikatika: mvumo, mapigo, hata kuku nje. Alisikia harufu. Cheko likabaki mdomoni bila kazi.

"Baba mdogo," Ima alisema, "kuna swali nililiuliza miaka miwili iliyopita. Mizinga ilikuwa mingapi?"

"Ndiyo mmeniitia hayo? Kumi na miwili. Kila mtu anajua."

"Yote uliirina na kuibomoa?"

"Yote."

Ko. Kasha lilitikisika mezani. Ko. Ko. Enoka alirudi nyuma, mgongo ukakuta ukuta, na waya wa mashine ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote, na bado ile sauti ilipanda, sita, saba, nane, kila pigo likija na pumzi ya moshi, na kioo cheusi kikaanza kupata rangi, si maandishi wala picha ila mwanga wa njano wa jua linalopita kwenye majani marefu, kumi, kumi na moja, na katika mwanga huo kitu kinaning'inia na kuzunguka polepole, kumi na mbili, na hapo kikasimama, kikasubiri, na chumba kizima kikasubiri pamoja nacho.

Ko.

"Huo wa kumi na tatu sikuugusa!" Enoka alipiga kelele. "Wallahi sikuugusa, shemeji, niliacha kila kitu!"

Rénovat alikuwa amepiga ishara ya msalaba na mkono umebaki begani.

"Umesema kumi na miwili," Ima alisema. Sauti yake ilitetemeka, na ilimuudhi kwamba inatetemeka. "Wa kumi na tatu uko wapi, baba mdogo? Na aliyekuwa anaurina?"

Enoka alisema akiwa amechuchumaa, uso ndani ya magoti. Nyuki walishuka kwa hasira. Alifunga kamba kwenye shina, akakimbia. Akiwa mtoni alisikia kugongwa. Aligongewa mpaka jua likazama, na hakujibu. Aliona aibu kurudi, kisha akaogopa, kisha akaona nyumba ni nzuri. Mwezi uliofuata alirudi kuchukua asali waliyoiacha na kubomoa ile mizinga kumi na miwili ya miti mingine. Sikia hilo vizuri: alirudi kuvuna. Kuzika hakurudi.

Walikwenda kesho yake, siku mbili kwa miguu, pamoja na wazee walewale wa kutikisa vichwa. Telesphor alikuwa bado juu, amekaa kwenye kamba yake kando ya mzinga, na nyuki walikuwa wamejenga masega ndani ya koti lake. Enoka alilazimishwa kusimama palepale alipokuwa ameikimbia zamu. Akajibu. Kamba iliyoshikilia miaka miwili ikakatika yenyewe.

Verdiana aliweka matanga siku saba. Sahani ya ziada aliiosha akaipanga na nyingine. Nyumba hakuna aliyemuuliza tena.

Mashine, Ima alipoiwasha, ilijibiwa "nipo" na Enoka mwenyewe kwa ajili ya mzinga uliokuwa kasha lake, ikafunguka vizuri, kioo na maandishi yote. Mama anaichapia kazi mpaka leo. Lakini kila asubuhi, kabla haijafunguka, inagonga kwanza. Siku ya kwanza ilikuwa mara kumi na moja. Mrina asali haendi kulala akiwa ameacha mizinga nyuma, na ile kumi na mmoja Enoka aliiuza mbao mbao. Imerudi minne; kati yake, mmoja ulikuwa mlango wa choo Magamba, mmoja kitanda cha mtoto Kasokola, mtoto aliyekuwa hataki kulala. Sasa inagonga mara saba.

Wewe unayesikia haya, angalia chini ya kigoda chako, nyuma ya kabati, ubavuni mwa kitanda. Ukiona mwezi mchanga na nukta mbili, tafadhali sema "nipo", kisha utuletee huo ubao.