Jina Lililokwama Kwenye Waya

Waya ulitoka kwenye mashine ukiwa umelowa.

Bushta aliushika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mkia wa panya, akautazama. Kichwa cha plastiki cha waya kilikuwa kikavu alipokichomeka asubuhi. Sasa kilikuwa na ute. Ute mzito, wa kijivu, unaovutika. Tone moja lilidondoka mezani, chumba kizima kikanuka.

"Zuhir, umetemea mate humu?"

"Mate yangu hayanuki hivyo, bwana," rafiki yake akasema huku kaziba pua. "Hilo ni kwapa la ngamia. Umekula nini jana wewe?"

Wakacheka, ila kicheko hakikufika mbali. Ilikuwa harufu ya mtaro ulioziba kwa nywele, na chini yake ilikuwepo harufu nyingine, tamu kidogo, kama nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko.

Hnia, mama yake Bushta, aliisikia akiwa jikoni. Huyu alikuwa mwanamke wa usafi. Ua wa nyumba yao, mle ndani ya mji mkongwe wa Salé, aliusugua kwa dawa mara mbili kwa siku mpaka majirani wakamtania kwamba anafuta hata vivuli. Alikuja mbio na ndoo.

"Nini kimekufa humu?"

"Hakuna kilichokufa, mama. Waya tu."

"Waya haunuki hivyo, mwanangu. Mimi nimezaa, nimeosha maiti. Hiyo ni harufu ya mwili."

Tangu asubuhi vijana hao walikuwa wakihangaika na jambo moja. Marehemu baba yake Bushta, Fundi Larbi, alikuwa mkuu wa ngoma za majini za Wagnawa, mpiga gimbri, lile zeze la nyuzi tatu. Kabla hajafa alirekodiwa ngoma nzima, mwito wa kila jini na kuagwa kwake, na rekodi hizo zilikuwa kwenye kompyuta ya Bushta. Jumamosi Bushta alikuwa anakwenda kupiga ng'ambo ya mto, Rabat, mara ya kwanza kwa jina la baba yake. Alikuwa na mashine ya midundo, sanduku jeusi lenye vitufe kumi na sita, kila kitufe unakipa sauti yake. Kitufe cha kwanza alitaka kiwe mkono wa baba. Basi alikata kipande cha rekodi, mwito mmoja tu, akaacha sehemu ya kuaga kwa sababu inapoza watu. Kilichobaki ni kukituma kutoka kwenye kompyuta, kupitia waya wa mtandao, kiingie kwenye mashine.

Kilikwenda vizuri mpaka asilimia tisini na saba. Hapo kikasimama. Wakituma tena, tisini na saba. Walibadilisha waya. Walihakikisha namba za mtandao za kompyuta na za mashine ni za ukoo mmoja, maana zikiwa za koo mbili haziongei. Walizima ulinzi wa kompyuta, wakazima mashine, wakaiwasha. Walituma faili jingine, wimbo wa harusi wa mtu, likapita kama maji. Wakarudi kwenye mwito wa Fundi Larbi. Tisini na saba. Hadi alasiri walikuwa wamejaribu mara arobaini, na kila mara waya ulitoka na ute mwingi zaidi.

Hnia aliwaletea chai ya nanaa, akasimama nyuma yao.

"Labda ni jina la faili," Zuhir akasema. "Angalia, limeandikwa kwa herufi zetu. Mashine hii inajua za Kifaransa tu. Tulibadilishe."

"Aliandika mzee mwenyewe kwenye boksi la kanda," Bushta akasema. "Aliyerekodi akanakili tu. Sikuona haja ya kugusa."

Hnia akavuta miwani kutoka kifuani. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na kusoma alikuwa amekujua kwa miezi kumi. Darasa la msikitini lilimfungulia macho. Tangu hapo hakikupita kitu mbele yake bila kukisoma kwa sauti: mabango ya maduka, chupa za dawa, mifuko ya unga, majina kwenye makaburi. Alisoma kama mtu anayekula baada ya kufunga. Alipoona herufi kwenye skrini, moyo ulimruka kwa furaha, kwa kuwa ni maneno ya mumewe, aliyeishi na maandishi yake miaka thelathini bila kuelewa hata neno moja. Akaweka kidole kwenye kioo. Akaunganisha herufi, moja na nyingine, taratibu, akalitamka jina lote mpaka mwisho.

Jina lenyewe la jini huyo halitajwi. Katika nyumba ile walisema Bibi wa Chini, wakamaliza. Fundi Larbi aliliandika ila hakulitoa mdomoni hata siku moja. Gimbri ndiyo iliyomwita, na gimbri ndiyo iliyomuaga.

"Mama!" Bushta akageuka, uso umemwishia damu.

Hnia akaziba mdomo kwa kiganja. "Bismillahi, bismillahi. Sikujua, mwanangu. Nilikuwa nasoma tu."

"Oneni," Zuhir akanong'ona.

Tisini na nane. Tisini na tisa. Mia.

Vijana wakarukaruka, wakakumbatiana, wakasahau. Hnia peke yake ndiye aliyesikia kule uani tundu la maji machafu likibwabwaja, blu, blu, kama koo linalomeza. Bushta akabonyeza kitufe cha kwanza. Gimbri ya baba ikalia, nzito, nzuri, mpaka Hnia akatokwa na machozi. Na gimbri ilipokatika, kabla ya kimya, ikasikika sauti nyingine fupi, ya kitu chenye maji. Mtu anajilamba midomo.

Kesho yake, Jumatano, Bushta hakutoka chumbani. Mama yake alimpelekea uji wa maharage na mkate. Akausukuma. Alipomega mkate wake mwenyewe, Hnia alivuta kutoka ndani yake unywele mweusi, mrefu kuliko mkono wake, na ulikuwa na mafuta. Alitapika hapohapo, kwenye sinki lake safi. Zuhir alikuja saa nne akafungua kompyuta ili alifute lile faili.

"Nimelifuta mara sita, shangazi," alimwambia Hnia mlangoni, kwa sauti ya chini. "Nikilifuta kwenye mashine, linarudi. Na linarudi kubwa. Jana lilikuwa la sekunde arobaini. Leo ni la dakika kumi na moja, na sijui hizo dakika nyingine ni za nini, sitaki kuzisikiliza."

"Na Bushta?"

Zuhir alimwinamia mama yule, akambusu bega, akaondoka haraka kama mtu anayetaka kutapika barabarani na si nyumbani kwa watu.

Adhuhuri Hnia akaenda kuchukua maini ya kondoo aliyoyaweka kwenye friji, akakuta sahani imelambwa, inang'aa, ina alama ya ulimi, na kutoka kwenye sahani ile matone mekundu yalikwenda sakafuni moja baada ya jingine mpaka mlango wa chumba cha mwanawe, na alipousukuma mlango ule, akiita jina lake polepole kama anavyomwamsha tangu utotoni, harufu ilimpiga usoni kama kitambaa kilicholowa, akamwona Bushta kachuchumaa juu ya kiti, kidevu kina damu iliyoganda, nzi wawili wanatembea kwenye mdomo wake na yeye hawafukuzi, na ule waya wa mtandao, mwisho mmoja ukiwa kwenye mashine, mwisho wa pili ulikuwa mdomoni mwake, anaunyonya, taratibu, mashavu yanaingia na kutoka, kama mtoto kwenye titi.

"Bushta, mwanangu."

Akatoa waya mdomoni. Uzi wa ute ukavutika kati ya midomo na plastiki. "Njoo unibusu, mama," akasema.

Na Hnia akashindwa. Hicho ndicho kilichomtesa kuliko yote. Mtoto aliyempangusa kinyesi, aliyemnyonya makamasi kwa mdomo wake alipokuwa mchanga na kifua kimembana, leo alimwonea kinyaa. Alirudi nyuma, akafunga mlango, akajisugua mikono mpaka ngozi ikachubuka.

Alhamisi mchana akaja Yattu. Huyu alikuwa mganga wa kike aliyefanya kazi na Fundi Larbi miaka yote, mtu mfupi mwenye meno manne na maneno mengi. Aliingia na chetezo, ubani mweusi, na kitambaa cheusi begani.

"Larbi alikufa akaniachia mizigo yake," alisema akivua viatu. "Yuko wapi huyo mjinga?"

Walimkuta Bushta amelala chini. Tumbo lilikuwa limevimba, limekaza kama ngozi ya ngoma, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Siku mbili hajanywa maji. Yattu alimfunika kitambaa, akabonyeza tumbo kwa kidole, akakinusa kidole.

"Amemfanya kiti," akamwambia Hnia sikioni. "Na kiti chenyewe ni kibichi, hakijaandaliwa. Huyu Bibi hakai kwenye kiti kama hiki, anakila. Ukimwacha hadi Jumamosi utazika gunia."

Hnia akashika ukuta.

"Wewe wa mashine," Yattu akamgeukia Zuhir, aliyesimama mlangoni kaziba pua kwa kola, "mlikata ngoma, sivyo? Mliacha kuaga? Basi itume yote. Mwito na kuaga. Ipigwe mpaka mwisho."

Zuhir akatuma. Safari hii ilipita bila kukwama. Gimbri ikajaa chumbani, na njuga za chuma, na watu waliokwisha kufa wakiitikia. Yattu akafukiza. Ikafika sehemu ya kuaga, ile ambayo kila jini husikia akainuka. Bushta akaketi. Akafungua mdomo, na kutoka humo zikaanza kutoka nywele, fungu la nywele zilizolowa, akizivuta mwenyewe kwa mikono miwili, hatua kwa hatua, bila kukohoa. Ngoma ikaisha. Na Bibi bado yupo.

"Nimekuaga, Bibi," Yattu akasema. "Umeitwa na gimbri, umeagwa na gimbri. Unangoja nini?"

Sauti ilitoka tumboni, si kooni. Ilikuwa ya kike, na ilibwabwaja.

"Gimbri ipi? Gimbri ya ndani ya sanduku haina mkono. Nilifika mlangoni mara arobaini, mara arobaini mlango ukafungwa usoni mwangu. Sikuitwa na gimbri. Niliitwa kwa mdomo. Kwa jina langu. Aliyeniita hakunikaribisha, nikakaa nilipopata."

"Nani aliyekuita?"

Bushta akatabasamu, na nywele zikamning'inia mdomoni. "Muulize."

Zuhir akatazama miguu yake. Alijua, lakini asingesema. Yattu aliwatazama mmoja mmoja. Hnia angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angemlaumu, mama mzee, mwanafunzi wa msikitini, kitu gani anajua. Akamtazama mwanawe, ule ute, ile mikono iliyokuwa ya baba yake, kucha nyeusi. Kinyaa kilimpanda hadi kooni, akakimeza.

"Mimi," akasema. "Nilisoma."

"Ulisoma nini, Hnia?"

"Jina lake. Lilikuwa limeandikwa. Nilifurahi tu kwamba naweza kulisoma."

Yattu akavuta pumzi ndefu. "Mwenye kuita ndiye anayekaribisha, dada yangu. Unaelewa ninachokuambia? Akishakaa kwako, sina ngoma ya kumtoa. Larbi angeijua. Mimi siijui."

"Mama, usikubali," Bushta akasema ghafla, kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, kama ya mtu aliye chini ya kisima.

Hnia alishapiga magoti. Akamshika mwanawe mashavu yote mawili, akapangusa nzi, na alichoshindwa jana akakifanya leo. Akambusu mdomoni. Akasikia kitu kinapita, baridi, cha kuteleza, kirefu kuliko kilivyopaswa kuwa, kikishuka kooni mwake kwa muda mrefu sana, wakati Zuhir akitapika ukumbini na Yattu akisoma anachosoma. Alikimeza chote.

Jumamosi Bushta alioga, akala mayai manne, akavaa shati jeupe. Kitufe cha kwanza kililia gimbri tupu, bila mate wala pumzi. Mlangoni alimwinamia mama yake ambusu mkono, kama kawaida yake kila anapotoka, na midomo yake ikasita kabla ya kufika. Akakunja pua kidogo. Kisha akaubusu haraka, akaenda zake, na Hnia alimwona kule kwenye kona akijipangusa mdomo kwa mkono wa shati.

Hakumkasirikia. Alijitupia jilbabu akashuka sokoni. Alipita kwenye viungo, akapita kwenye maua ya machungwa, hakusikia harufu ya chochote. Kwenye duka la nyama akasimama. Pembeni, chini ya meza, palikuwa na ndoo ambamo muuzaji alikuwa akioshea matumbo tangu asubuhi. Maji yalikuwa ya kijani, yana utando, na kitu kilikuwa kikielea.

"Nikukatie nini, hajja?" muuzaji akauliza. "Leo maini mazuri."

Hnia akaionyesha ndoo.

Mwanaume akacheka. "Hayo? Hayo nayamwaga, hajja. Hata mbwa anayakimbia."

"Nifungie," Hnia akasema, akimeza mate. "Nina mgeni."