Gunia Lisilopoa

Najua utabisha. Bisha tu, mimi sijawahi kuishiwa na wabishi. Shule niliiacha mapema, niliona inanichelewesha, na wenye vyeti vyao wakisikia habari hii huniambia haiwezekani. Kisha wanasogeza sahani ya mayai pembeni, taratibu, wakidhani sioni. Naona. Na wewe kula kwanza, ushibe, halafu tuone kama chakula kitakaa tumboni.

Dada yangu ninayemfuata aliolewa na mwanamume mmoja anayeitwa Dole. Hilo jina alipewa kazini, na alilipenda kuliko alilopewa na mama yake. Dole alifanya kazi kwenye kampuni ya kutotolesha vifaranga. Si wa nyama, wa mayai. Alikaa mezani chini ya taa kali, anachukua kifaranga kwenye trei, anambonyeza tumbo kwa dole gumba mpaka kinyesi kinaruka pyuu, kisha anatazama pale nyuma kama ni jike au dume. Jike, kwenye boksi lenye matundu. Dume, kwenye gunia.

Kwa nini gunia? Usijifanye hujui. Jogoo hatagi. Na wa aina ile hanenepi upesi, kumlisha ni hasara. Basi anaanguliwa asubuhi, anatupwa asubuhi hiyohiyo, manyoya bado yana unyevu wa yai. Gunia likijaa linafungwa na kulazwa ukutani juu ya wenzake. Wa chini wanakufa kwa uzito wa ndugu zao. Wa juu wanakufa kwa kukosa hewa, na hao ndio wanaochelewa. Daktari wa mifugo alishawahi kuja akasema huko ni kutesa viumbe, akaeleza njia ya haraka. Msimamizi akamsikiliza kwa adabu zote, akamsindikiza mpaka getini, akarudi anacheka.

Hakuna aliyefungua gunia kuangalia kama wamekwisha. Nani ana muda? Walikuwa na namna yao: unaweka kiganja. Likiwa na joto, bado. Likipoa, pakia garini. Wapakiaji waliyapapasa yale magunia kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Jua kiasi, chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki, apron ya Dole imeganda kinyesi kifuani mpaka inasimama yenyewe. Wote walijua mke wake yuko karibu kujifungua, na pale kulikuwa na mpakiaji mmoja mwenye mdomo usiolala.

"We Dole," yule mpakiaji akaita, "mkeo akijifungua utamgeuza mtoto nyuma utazame kwanza?"

Watu wakacheka.

"Mimi sihitaji kumgeuza," Dole akajibu huku vidole vikienda. "Nikibonyeza tumbo la mama tu, nakupa jibu."

"Basi kabonyeze. Akiwa dume tukuwekee gunia kabisa."

Wakacheka mpaka wengine wakashika meza. Dole naye alicheka. Na sifa ni ugonjwa mbaya, maana aliporudi nyumbani alimkuta mke wake ameegemea mto, tumbo juu, anachambua mchele, akaamua kumchekesha. Akaweka dole gumba kando ya kitovu. Akabonyeza, kwa ule ufundi wake wa mezani, ndani kisha juu.

"Dume," akasema.

Dada hakucheka. Aliuondoa mkono wake kama unavyoondoa mende shingoni. "Hata hujanawa," akasema. "Unanuka mayai yaliyooza."

Asubuhi yake, pale alipobonyeza palikuwa na kishimo. Kidogo, cha duara, kana kwamba mtu amedidimiza kidole kwenye unga uliokandwa. Hakikuuma. Hakikurudi juu.

Dole alisema ni uvimbe wa mimba, akaenda kazini.

Trei ya kwanza haijaisha, akashika kifaranga ambaye tumbo lake lilikuwa na kishimo kama kile. Akambonyeza. Dume. Gunia. Akaendelea. Trei iliyofuata, akamshika tena. Kishimo kilekile, na safari hii kina rangi ya zambarau. Akajiambia ni mwingine. Wako wengi, wanafanana, wote ni uvimbe wa njano wenye miguu. Akamtupa.

Trei iliyofuata, kifaranga yule akawa juu ya wenzake wote. Amekaa. Halii.

Wengine walikuwa wanapiga kelele zile za chiu chiu zinazotoboa masikio. Yeye alimtazama tu, kichwa upande, kama mteja anayengoja kuhudumiwa. Dole akamkamata, akamsukumiza chini kabisa ya gunia, mkono mpaka kwenye kiwiko. Kule ndani palikuwa na joto. Palikuwa na majimaji. Midomo midogo ilimparua mkono mzima. Akachomoa mkono umepakwa njano ya kinyesi na kiini, akalifunga gunia kabla halijajaa.

Mchana wapakiaji walipita na viganja vyao. Hili limepoa, hili limepoa. Wakafika kwenye lile.

"Dole, hili lako bado."

Jioni bado. Kesho yake bado. Magunia mengine yalikuja yakaondoka, lile likabaki ukutani, limenyamaza, lina joto la mtu aliye hai. Harufu yake ilikaa kooni kama kamasi. Msimamizi akasema wanaoza, kinachooza hutoa joto, lifunguliwe limwagwe. Wapakiaji wakarudi nyuma. Dole akalifungua, kwa kuwa gunia lilikuwa lake.

Hawakuwa vifaranga tena. Walikuwa kitu kimoja. Walishikana ngozi kwa ngozi, manyoya yamenyonyoka yakawa tope, na juu ya tope midomo imejipanga kila upande. Ilifunguka yote pamoja. Ikafunga pamoja.

Kitu kilikuwa kinapumua.

Dole akashika kamba. Alilifunga tena, na alichokiona hakumwambia mtu pale. Alimwambia mke wake, usiku ule ule? Hapana. Alinawa kwa dawa ya sakafu, akalala akimgeuzia mgongo.

Alfajiri vishimo tumboni mwa dada vilikuwa vingi. Vimezunguka kitovu, vingine juu mbavuni, vingine chini kabisa. Ungedhani kuna mtu amekuwa akitafuta kitu mle ndani, kwa subira, akibonyeza na kuhama.

Dada akamkalisha kitako. "Hao majogoo wenu. Wanakufaje?"

"Wanalala tu, mke wangu."

"Nakuuliza wanakufaje."

Akamweleza. Yote, na gunia lisilopoa. Alipomaliza, dada alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, kama anaziba mlango.

"Ulisema dume," akanong'ona. "Kitu hicho kimesikia. Sasa kinamtafuta." Kisha akasema: "Nenda ukawatoe. Wote utakaowakuta. Kisha uondoke pale usirudi. La sivyo mimi huyu mtoto sitamwona."

Walipitia kwanza zahanati. Mkunga, mama mtu mzima mwenye mikono mizito, alivitazama vile vishimo, akaweka chombo chake cha kusikilizia mapigo. Akahamisha. Akarudisha. Akatabasamu.

"Mmefanya siri? Wako wawili humu."

Dole alimwacha dada pale kitandani, akakimbia kazini. Na hapa nampa haki yake: alifanya kweli. Hakuvaa apron. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akakata kamba za magunia ya asubuhi ile, akayapindua uani juani. Vifaranga walitoka wakimwagika kama nafaka, waliokufa na walio hai wameng'ang'aniana. Walio hai walisimama juu ya waliokufa, wakatikisa vijibawa, wakaanza kutembea. Uwanja mzima ukawa njano. Ukawa unalia.

Lile gunia lake hakuwahi kulifikia. Msimamizi alitoka.

Hakupiga kelele. Aliwaita wapakiaji na mabeleshi. "Okoteni."

Wakaokota kwa mabeleshi. Unajua beleshi likikwaruza saruji linavyolia? Weka juu yake mlio wa kitu laini kinachopasuka. Walio hai, waliokufa, nusu na nusu, wote ndani ya magunia. Miguu ilibaki imenata sakafuni. Kisha msimamizi akamwekea Dole kamba mkononi.

"Mkeo yuko zahanati, sivyo?" akamwambia kwa upole. "Baba wa watoto hafukuzwi kazi siku kama ya leo. Funga hayo, yaishe. Nenda kamwone."

Ndani ya gunia walikuwa bado wanalia.

Dole aliitazama kamba. Alitazama geti, na geti lilikuwa wazi, hakuna aliyemzuia. Akainama. Akafunga. La kwanza, la pili, yote.

Simu ikaita akiwa kwenye la mwisho. Uchungu umeanza.

Alifika mchana kweupe, jua la utosi, dirisha la chumba limefunguliwa. Mtoto wa kike alikuwa ameshatoka, mzima, analia kwa hasira. Dada alikuwa anahema.

"Bado mwenzake," mkunga akasema. "Sukuma, mwanangu."

Dada akasukuma. Likatoka kondo la nyuma. Akasukuma tena.

Likatoka kondo la pili.

Mkunga akangoja. Akaingiza mkono, akatafuta, uso wake ukabadilika. Akapapasa tumbo. Lilikuwa limelegea, tupu, kama mfuko uliomwagwa. Akainua lile kondo la pili kwenye mwanga. Kitovu kilining'inia kutoka humo, kizima, kinadunda. Mwishoni mwake hakukuwa na mtu.

"Nani ameingia humu?" mkunga akanong'ona.

Hakuna aliyekuwa ameingia. Katikati ya ile nyama palikuwa na kishimo cha dole gumba. Na kote kumeganda manyoya madogo, ya njano, mabichi, yanayonata. Mkunga alijaribu kuyasuuza. Hayakutoka. Yalikuwa yameota.

Dole hakurudi kazini. Wala nyumbani hakai sana. Dada anamlea yule binti peke yake, na mpaka leo akipita penye kuku hubadilisha njia.

Haya, bisha sasa.

Huwezi. Ila kuna kipande nimekiruka, na sijui kwa nini nakusimulia wewe. Yule mpakiaji mwenye mdomo ni mimi. Utani wa gunia ulikuwa wangu, juu ya dada yangu wa tumbo moja, na beleshi nilishika. Dole alipokimbilia zahanati, mimi nilibaki. Msimamizi akasema lile la zamani liondoke leo, lipoe lisipoe, niangalie tu. Nikaweka kiganja.

Lilikuwa limepoa karibu lote. Sehemu moja tu, chini, ilikuwa na joto. Na pale penye joto, nikapigwa teke.

Nawafahamu vifaranga. Wanaparua, wanadonoa. Hawana kisigino.

Nilikaa na kiganja pale mpaka msimamizi akauliza, "Vipi?"

Nikasema, "Limepoa."

Nikalipakia.